Bahari Zingekuwa Tupu, Kariakoo Ingepumua Hewa ya Mlimani

Mgandamizo wa hewa ni kani inayotokana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya mahali fulani, nayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho hektopaskali. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Kivukoni na Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, ambako ardhi imeinuka mita chache tu kutoka usawa wa bahari, mgandamizo huo haubanduki mbali na hektopaskali 1,013, kiasi ambacho wanasayansi wamekubaliana kukichukua kuwa cha kawaida kwa usawa wa bahari duniani kote. Kwa lugha ya mizani, kila mita moja ya mraba ya mji huo imebeba hewa yenye uzito wa zaidi ya tani kumi, na meza ya machinga aliyepanga viatu katika Mtaa wa Kongo haivunjiki chini ya mzigo huo kwa sababu hewa hiyo hiyo huisukuma pia kutoka chini na kutoka ubavuni.

Kwa kuwa mji huu umekaa kando ya Bahari ya Hindi, ni rahisi kudhani kwamba uzito wa hewa yake unaletwa na maji yenyewe, ilhali sababu iko kwenye jambo ambalo halifikiriwi mara nyingi. Maji yamejaza mabonde makubwa kuliko yote ya dunia, na kwa kuyajaza yameinyima hewa nafasi ya kuteremkia humo, hivyo hewa imelazimika kutandaa juu ya maji na juu ya nchi kavu. Bahari zimefunika karibu asilimia 71 ya uso wa dunia, kina chake cha wastani kinakaribia mita 3,700, na ujazo wa maji yake ni takriban kilomita za ujazo bilioni 1.3. Swali la nini kingeupata mgandamizo wa hewa kama mabonde hayo yangekuwa matupu linaweza kusikika kama mzaha wa kijiweni, lakini anayetaka kulijibu hulazimika kwanza kueleza kwa nini Kariakoo ina hewa iliyo nayo leo, na hapo mzaha huisha.

Kwamba hewa ina uzito unaopimika kulithibitishwa mwaka 1643, pale Mtaliano Evangelista Torricelli alipojaza zebaki katika bomba la kioo lililozibwa upande mmoja, kisha zebaki ikasimama kwenye kimo cha milimita 760 hivi baada ya bomba kugeuzwa ndani ya bakuli, kwa kuwa hewa ya nje iliikandamiza zebaki ya bakulini na hivyo kuibeba ile ya bombani. Miaka mitano baadaye, Florin Périer, akifuata maelekezo ya shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na bomba kama hilo mlima wa Puy de Dôme nchini Ufaransa, na kadiri alivyopanda ndivyo zebaki ilivyoshuka. Kama maji yangetumika badala ya zebaki, bomba lingehitaji kuwa refu kama nyumba ya ghorofa tatu, maana hewa ya usawa wa bahari huweza kuyabeba maji hadi mita 10.3 na si zaidi. Hii ndiyo sababu pampu ya kuvuta inayouzwa katika maduka ya Gerezani, ambayo hufungwa juu ya ardhi na kuteremsha bomba kisimani, haiwezi kutoa maji yaliyo chini zaidi ya hapo hata ikipewa mota kubwa kiasi gani, kwa kuwa kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba tu, na kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayoukandamiza uso wa maji ya kisimani.

Kabla ya kuhesabu chochote ni lazima ijulikane maji ya bahari yameondoka kwa njia gani, kwa sababu njia mbili zinazowezekana huleta majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Kama maji yote yangegeuka mvuke na kubaki juu ya dunia, uzito wake, ambao ni takriban mara 270 ya uzito wa hewa iliyopo, ungekuwa sehemu ya angahewa, na mgandamizo juu ya ardhi ungezidi wa leo kwa kiasi kinacholingana na hicho. Sayari ya Zuhura, ambayo hutajwa sana kwa angahewa yake ya kuponda, ina mgandamizo wa mara 90 hivi tu ya ule wa dunia. Jibu hilo ni kweli lakini halina mengi ya kufundisha, kwa sababu katika hali hiyo hakuna kiumbe, jengo wala soko linalobaki la kuzungumziwa. Njia ya pili, ambayo maumbile hayana namna ya kuitekeleza lakini fikra inaweza, ni kuyachukulia maji kuwa yametoweka kabisa na kuacha mabonde makavu, huku hewa yote ikibaki ileile, na njia hii ndiyo yenye faida kwa hesabu inayofuata.

Hewa yote ya dunia ina uzito wa takriban tani trilioni 5,000, na eneo la uso wa dunia halibadiliki sana kwa bahari kukauka, kwa hiyo wastani wa mgandamizo juu ya uso mzima wa dunia ungebaki karibu uleule wa leo. Kinachobadilika ni mgawanyo. Hewa hufuata kanuni ya uwiano, ambapo karibu na usawa wa bahari kila kupanda mita 8 au 9 hupunguza hektopaskali moja, na kila kupanda kilomita tano na nusu hivi huacha nusu ya mgandamizo ulioanza nao, na kushuka hufanya kinyume chake. Bonde lenye kina cha kilomita 3.7, ambalo hapo awali lilijaa maji, lingemeza hewa nyingi kuliko kipande kingine chochote cha angahewa chenye unene kama huo, kwa kuwa hewa iliyo chini kabisa ndiyo iliyoshindiliwa zaidi. Hewa hiyo ya kujaza mabonde ingetoka juu ya mabara na juu ya pale palipokuwa uso wa bahari, hakuna mahali pengine pa kuitoa.

Anayeipiga hesabu hiyo kwa makadirio ya kawaida ya joto na kina hupata kwamba mgandamizo katika usawa wa zamani wa bahari ungeshuka kutoka hektopaskali 1,013 hadi kati ya 700 na 730, hivyo tarakimu ya 710 inatosha kwa mazungumzo. Karibu thelathini kati ya kila sehemu mia za hewa ya Kariakoo zingekuwa zimehama. Mji ungebaki palepale ulipo, lakini barometa ingeusoma kana kwamba umepandishwa hadi mita 2,900 hivi, ambazo ni juu kidogo ya kituo cha Mandara, kinachofikiwa na wapandaji wa mlima Kilimanjaro siku ya kwanza kwa njia ya Marangu na ambacho kipo mita 2,720 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya namna hiyo ingekuwa nyepesi kuliko ya uwanda wa Kitulo ulio kati ya Njombe na Mbeya, na nyepesi pia kuliko hewa iliyomo ndani ya ndege ya abiria inayopaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, kwa maana kanuni za usafiri wa anga hazikubali hewa ya ndani ya ndege za namna hiyo, katika safari ya kawaida, iwe nyepesi kuliko ile ya mita 2,400 hivi.

Athari za kwanza zingeonekana jikoni. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na mgandamizo wa hewa ya nje, na kwa hektopaskali 710 yangechemka kwenye nyuzi 90 hivi za sentigredi badala ya 100, wala kuongeza mkaa kusingesaidia, kwa kuwa moto wa ziada huishia kuyageuza maji kuwa mvuke kwa haraka zaidi bila kupandisha joto la sufuria. Mama lishe anayeinjika maharage alfajiri ili yawe tayari kwa wachukuzi saa sita mchana angelazimika kuyainjika usiku, na gunia lake la mkaa lingekwisha mapema. Sufuria ya presha, ambayo leo ni bidhaa ya wenye haraka, ingekuwa chombo cha lazima, maana mfuniko wake hufungia mvuke ndani na kuyaruhusu maji yapite nyuzi 110 hata pale hewa ya nje inapokuwa nyepesi. Wali nao ungesumbua, na mwenye shaka juu ya hilo awaulize wapishi wanaoambatana na wageni mlimani Kilimanjaro.

Pampu za kuvuta zilizotajwa zingepoteza karibu theluthi ya uwezo wake, kutoka mita 10.3 hadi mita 7 na ushei kwa hesabu ya vitabuni, na pungufu ya hapo kwa pampu iliyochakaa, wakati zile zinazozamishwa kisimani zisingeguswa na badiliko hilo kwa sababu zenyewe huyasukuma maji kutoka chini. Kwa fundi wa matairi ajabu ingekuwa ya namna nyingine. Geji ya upepo husoma tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje, hivyo tairi iliyosoma 30 jana ingesoma zaidi ya 34 leo bila mtu kuongeza upepo wowote, na pakiti za krispi zilizofungwa kiwandani kabla ya bahari kukauka zingetuna rafuni. Haya ni madogo, na yametajwa kwa sababu yanaonekana kwa macho, tofauti na jambo kubwa zaidi ambalo ni pumzi ya mwanadamu.

Asilimia ya oksijeni katika hewa isingebadilika, ingebaki karibu 21, lakini kila pumzi ingebeba hewa kidogo, na mapafu huhesabu wingi wa oksijeni inayoingia, hayahesabu asilimia. Ugonjwa wa mwinuko, ambao dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi, huanza kuwapata watu wasiozoea pale wanapovuka mita 2,500 hivi. Kariakoo ni mahali ambapo mizigo mingi bado hutembezwa kwa nguvu za mwili, kutoka kwenye lori hadi stoo, kutoka stoo hadi kwenye guta au mkokoteni, na kutoka hapo hadi ghorofa za juu za majengo ambayo lifti zake, pale zilipo, hazitoshi. Mwili wa binadamu hujirekebisha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu kwa muda wa wiki kadhaa, na watu wa Addis Ababa huishi bila tabu mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mji usingekufa. Ungefanya kazi polepole na kulipia uchukuzi bei ya juu zaidi.

Tanzania ina kumbukumbu ya kile ambacho hewa nyepesi huweza kumfanyia mtu aliye katika jitihada kubwa. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na katika mbio za marathoni za tarehe 20 Oktoba mwaka huo, John Stephen Akhwari alikazwa na misuli, akaanguka na kuumia goti, kisha akaingia uwanjani akichechemea muda mrefu baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kupewa ushindi, akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Ni katika michezo hiyohiyo ambapo Wakenya Kipchoge Keino na Naftali Temu, wote watoto wa nyanda za juu, walishinda mita 1,500 na mita 10,000. Kwa upande wa mbio fupi na kuruka, hewa nyepesi ilisaidia, na Mmarekani Bob Beamon aliruka mita 8.90, rekodi iliyodumu hadi 1991. Dar es Salaam isiyo na bahari ingekuwa na hewa nyepesi kuliko ya Mexico City kwa tofauti ya mita 500 na zaidi za mwinuko, hivyo mashabiki wa Simba na Yanga wangeshuhudia mashuti yakienda mbali kuliko kawaida na viungo wakiomba kutolewa kabla ya mapumziko.

Hali ya Kilimanjaro yenyewe ingekuwa mbaya kupita kiasi. Kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, leo kina karibu nusu ya mgandamizo wa pwani, na kikikatwa kwa kiwango kilekile kingebakiwa na hektopaskali 350 hivi, kiasi kinachokaribia sana kile kinachopimwa leo kwenye kilele cha Everest. Watalii wanaofika Uhuru kila mwaka kwa miguu yao na bila mtungi wa oksijeni wasingefika.

Mtu anayetaka kuifuata hewa iliyokimbia angelazimika kushuka. Mkondo wa bahari kati ya Dar es Salaam na Unguja ungekuwa bonde la kawaida lenye kina cha makumi ya mita, na atakayelivuka kwa mguu angepata hektopaskali chache tu za nyongeza, zisizoweza kuhisiwa na mwili. Kati ya Pemba na bara kungekuwa na korongo lenye kina cha mamia ya mita. Mashariki zaidi, ambako rafu nyembamba ya bara hukoma na sakafu kuporomoka, kuna maeneo ya gesi asilia yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 2012 katika Kitalu Namba 2 kwenye bahari ya kusini mwa Tanzania, ambayo yalipewa majina ya Zafarani, Tangawizi, Mdalasini na mengine ambayo mnunuzi wa Kariakoo huyakuta kwenye magunia ya viungo. Zafarani ipo chini ya maji yenye kina cha mita 2,500 hivi, na mgandamizo kwenye sakafu yake ni takriban mara 250 ya ule wa hewa ya pwani. Maji hayo yakiondolewa, hewa itakayojaa hapo ingekuwa na hektopaskali 960 au zinazokaribia hizo, na hivyo hata kwenye mdomo wa kisima cha gesi cha Zafarani, kilomita mbili na nusu chini ya Kariakoo, hewa isingefikia uzito ambao Kariakoo inao leo. Kuipata hewa ya hektopaskali 1,013 kungehitaji kushuka karibu mita 2,900, na huko chini kungekuwa na joto kali, kwa kuwa hewa kavu inayoteremka hushindiliwa na kuongezeka joto kwa nyuzi kumi hivi kwa kila kilomita moja.

Bahari iliyokauka si dhana tupu katika Afrika ya Mashariki. Bonde la Danakil, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia, lilikuwa mkono wa Bahari ya Shamu miaka zaidi ya laki moja iliyopita, kabla ya kutengwa na bahari na maji yake kukauka kwa jua, na matumbawe ya zamani yangali yanaonekana kingoni mwake huku sakafu yake, iliyo mita 120 hivi chini ya usawa wa bahari, ikiwa imefunikwa na chumvi ambayo Waafar huikata kwa vipande na kuisafirisha kwa ngamia. Vipande vya chumvi vya namna hiyo viliwahi kutumika Ethiopia kama fedha kwa karne nyingi. Ziwa Asal la Djibouti, lililo mita 155 chini ya usawa wa bahari, ndiyo sehemu ya chini kuliko zote barani Afrika, na mgandamizo wa hewa yake hufika hektopaskali 1,030 bila kimbunga wala hali nyingine ya ajabu kuuongeza. Hiyo ndiyo hewa inayoteremkia palipoachwa na maji, ikipimika kwa barometa ya kawaida.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Bahari ya Mediterania, ambayo kati ya miaka milioni 6 na milioni 5.3 iliyopita ilitenganishwa na Atlantiki na kupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ushahidi wa kwanza wenye uzito uliletwa na meli ya uchimbaji iitwayo Glomar Challenger mwaka 1970, ilipotoa matabaka ya chumvi chini ya sakafu ya bahari hiyo, ingawa wataalamu bado hawajakubaliana juu ya kiasi ambacho maji yalishuka. Karibu na Watanzania zaidi kuna Ziwa Nyasa, ambalo udongo uliochimbwa chini yake mwaka 2005 umeonyesha kwamba katika vipindi vya ukame mkubwa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita lilishuka kwa zaidi ya mita 500. Kwa kuwa uso wake leo upo mita zinazokaribia 475 kutoka usawa wa bahari, ufuko wake wa wakati ule ulikuwa na hewa yenye uzito wa hewa ya Dar es Salaam. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 na ambalo kitako chake kipo mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari, lingetoa hewa ya hektopaskali 1,100 kama lingekauka peke yake, kwa sababu bonde lake ni dogo mno kuweza kuipunguza hewa ya mahali pengine.

Tofauti kati ya ziwa moja kukauka na bahari zote kukauka ndiyo kiini cha hesabu nzima, na zama za barafu huionyesha kwa upande wake wa tatu. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, Unguja ikiwa imeungana na bara huku Pemba ikibaki kisiwa, lakini maji yaliyotoka baharini hayakutoweka, yalilundikana kuwa barafu yenye unene wa kilomita kadhaa juu ya Amerika ya Kaskazini na kaskazini mwa Ulaya. Barafu hiyo ilichukua nafasi ya hewa kule bara, nayo hewa ikarudi kujaza pengo lililoachwa na maji, hivyo ufuko wa wakati ule ulikuwa na mgandamizo mkubwa kidogo kuliko wa leo, kwa kiasi kisichozidi hektopaskali 15. Ili Kariakoo ipoteze hewa yake, maji yanapaswa kuondoka bila kuacha kitu kingine cha kushika nafasi yake.

Ukubwa wa hektopaskali 300 hueleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na mabadiliko ambayo mji huu umeyazoea. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Januari, mgandamizo wa Dar es Salaam huwa karibu 1,010, na wakati wa kusi, mwezi wa Julai, hupanda hadi karibu 1,017, kwa kuwa eneo la mgandamizo mkubwa lililo jirani na visiwa vya Mascarene hupata nguvu na kusukuma hewa kuelekea kaskazini. Tofauti ndogo kama hizo kati ya mahali na mahali ndizo zilizoendesha majahazi kati ya pwani hii, Uarabuni na Bara Hindi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kimbunga nacho ni upungufu wa makumi ya hektopaskali tu, na bado kile cha Aprili 1872 kilivunja meli na kung'oa mikarafuu ya Unguja, cha Aprili 1952 kikaipiga Lindi, na Hidaya, iliyofika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, ikasimamisha safari za vyombo vya majini. Bahari hujibu kila badiliko la namna hiyo, kwa maana kila hektopaskali moja inayopungua huliruhusu eneo hilo la bahari kuinuka kwa sentimita moja hivi, juu ya bamvua au maji mafu yaliyopo siku hiyo.

Bila bahari, injini ya pepo hizo ingezimika, kwa kuwa kaskazi na kusi hutegemea nchi kavu kupata joto na kulipoteza upesi kuliko maji. Mvuke pia ungekwisha. Katika msimu wa mvua, mvuke ulio juu ya mita moja ya mraba ya Dar es Salaam, kutoka chini hadi juu kabisa, huwa na uzito wa kilo 50 hivi, sawa na mfuko mmoja wa saruji kati ya zile tani kumi za hewa, hivyo kutoweka kwake kungepunguza mgandamizo kwa hektopaskali tano tu. Lakini mvuke huo ndio mvua ya masika, na ndio unaouzuia usiku wa Dar es Salaam usiwe wa baridi. Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipewa paa la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, ili upepo upite na maji ya mvua yakusanywe; paa hilo lisingekuwa na cha kukusanya.

Hesabu yote iliyotolewa hapa inahusu miaka ya mwanzo baada ya bahari kutoweka. Miamba iliyo chini ya bahari imebebeshwa kilomita kadhaa za maji, na ikipunguziwa mzigo huo ingeinuka polepole, kama ambavyo ardhi ya Uswidi na Ufini, iliyoachwa na barafu zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, inavyoendelea kuinuka hadi leo kwa kasi inayofikia karibu milimita 9 kwa mwaka. Sakafu ya bahari ingeinuka kwa takriban kilomita moja, sehemu ya hewa ingerudishwa juu, na mgandamizo wa Kariakoo ungepanda tena hadi kwenye hektopaskali 780 hivi, baada ya muda ambao hakuna mpangaji wa fremu angeusubiri.

Msomaji mwenye simu iliyowekewa kipimo cha mgandamizo wa hewa, kama zilivyo simu kadhaa za bei ya juu zinazouzwa Kariakoo, anaweza kuishuhudia kanuni iliyotumika hapa bila kukausha bahari. Asome kipimo chini ya jengo la ghorofa kumi, apande hadi juu na kusoma tena. Namba itakuwa imeshuka kwa hektopaskali tatu na nusu hivi. Masomo yote mawili yafanyike ndani ya dakika chache, kwa sababu angahewa ya ukanda huu nayo hujaa na kupwa, ikifikia kilele saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi jioni, kwa tofauti inayokaribia hiyohiyo. Tofauti ya masomo hayo ikizidishwa kwa nane na nusu, jibu litakuwa kimo cha jengo kwa mita.